UPEPO WA MIPIRA YA GARI: NAMBA INASOMWA, HAIBAHATISHWI



Katika fizikia tunajifunza presio: nguvu ikigawanywa kwa eneo. Wengi wetu tunaiandika kanuni hiyo katika kaye, tunapata pointi, kisha tunaiacha palepale. Lakini kanuni ileile inazunguka barabarani kila siku. Anayepanda Fizi kutoka Baraka ndani ya gari lililojaa magunia, na anayerudi Kazimia nyuma ya moto, wote wawili uzima wao unabebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mipira. Kwa hiyo tumeona vema kueleza ginsi ya kujua kiasi cha upepo kinachofaa.

1. Ni upepo unaobeba gari

Mupira wa kujazwa upepo uliandikishwa mara ya kwanza na Robert William Thomson, mtu wa Scotland, mwaka 1845, lakini haukuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama kule Belfast, aliufanya upya kwa ajili ya kibaiskeli cha mtoto wake, na safari hii dunia nzima iliutaka. Sisi Wakongomani tusisahau: tamaa hiyo ya mipira ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya wazee wetu wengi walazimishwe kwa nguvu kukata kamba za mpira porini, wakati Leopold wa Pili alipokuwa mwenye nchi, toka 1885 mpaka 1908.

Tufanye hesabu. Gari lina kilo 1600, na uzito umegawanyika sawa juu ya mipira minne. Kila mupira unabeba kilo 400, ndiyo nyutoni 4000 hivi. Tukitia upepo wa bar 2, ni kusema nyutoni 20 juu ya kila sentimeta moja ya mraba, mupira utagusa udongo kwa sentimeta za mraba 200 karibu. Eneo hilo ni kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Gari zima linashikwa na viganja vinne tu! Upepo ukipungua, eneo linaongezeka, mbavu za mupira zinajikunja kila mara gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko kunaleta moto. Mupira uliopata moto sana unaweza kupasuka.

2. Namba iko wapi?

Wengine wanapiga mupira teke, wengine wanaufinya kwa kidole gumba. Mguu si chombo cha kupimia. Mupira wenye nusu ya upepo wake unaweza kuonekana mzima kwa macho.

Namba ya kweli imeandikwa na waliotengeneza gari. Tafuta kibandiko penye mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tanki ya mafuta, ama katika kitabu cha gari. Mara nyingi utakuta namba mbili: ya mbele na ya nyuma. Tena mara nyingine kuna safu mbili, moja ya gari jepesi, nyingine ya gari lenye mzigo. Kwa moto, angalia kibandiko cha kwenye mkono wa nyuma au kifuniko cha mnyororo, au kitabu chake.

Angalisho: namba iliyochorwa ubavuni mwa mupira wenyewe siyo hiyo. Ile ni mpaka wa juu ambao mupira usipitishwe. Kujaza mpaka pale ni kosa linalofanywa na wengi.

Namba zinakuja kwa lugha mbalimbali. Bar 1 ni kilopaskali 100, tena ni karibu paundi 14,5. Mashofere wanaposema « kilo mbili », wanataka kusema karibu bar 2. Gari zinazotoka Japani mara nyingi zimeandikwa kilopaskali: 220 ni bar 2,2, au paundi 32. Ukienda kwa kwado, mwambie namba pamoja na lugha yake, usimwambie « jaza tu ».

3. Pima mupira ukiwa baridi

Namba ya kibandiko ni ya mupira baridi: gari limesimama muda wa saa tatu, au limetembea kilometa mbili tu, si zaidi. Sababu yake ni hii. Upepo uliofungiwa ukipata joto, presio inapanda.

Tuseme asubuhi, nyuzi 20, manometa inaonyesha bar 2,2. Manometa haihesabu presio ya hewa inayotuzunguka. Hapa penye ziwa, karibu meta 770 juu ya bahari, hiyo ni bar 0,9 hivi. Jumla ni 3,1. Baada ya safari mupira una nyuzi 50. Tunazidisha 3,1 kwa 323, tunagawanya kwa 293, tunapata 3,4. Tukiondoa 0,9, manometa itasoma 2,5.

Sasa dereva anaona 2,5, anasema « umezidi », anatoa upepo mpaka 2,2. Usiku mupira unapoa, na kesho yake umebaki na 1,9. Anaanza safari ya pili na mzigo uleule, lakini upepo haumtoshi. Basi, usitoe upepo wakati mupira una moto. Subiri.

4. Mzigo na njia

Gari likijazwa, fuata safu ya mzigo, zaidi kwa mipira ya nyuma. Lakini kuongeza upepo hakuongezi nguvu za mupira: kila mupira una mpaka wa kilo zake, na ukipita mpaka huo hakuna pompi itakayokusaidia.

Penye mchanga au matope, shofere mzoefu anaweza kupunguza upepo ili mupira ushike eneo kubwa. Ni sawa, ila aende polepole, na akifika penye udongo mgumu arudishe upepo mara moja.

5. Mupira unasema wenyewe

Ukiliwa pande zote mbili na katikati umebaki, upepo ulikuwa mdogo. Ukiliwa katikati tu, ulizidi. Mupira wa namna hiyo unarukaruka juu ya mawe na breki hazishiki vizuri. Mupira unapoteza upepo kidogo kidogo hata usipotobolewa. Kwa hiyo upimwe angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya safari ndefu, pamoja na ule wa akiba.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kibandiko kinasema kilopaskali 250. Ni bar ngapi? Paundi ngapi?
2. Gurudumu la nyuma la moto linabeba kilo 120, upepo ni bar 2. Linagusa udongo kwa eneo gani?
3. Mwenye moto anabeba abiria wawili na gunia moja, anasema: « Nimejaza sana, hakuna shida. » Mjibu kwa sentensi tatu.

Majibu ya 1 na 2: bar 2,5, paundi 36, sentimeta za mraba 60. La tatu mkalijadili katika kalasi, kisha mumwambie mwenye moto yeyote kabla hamjapanda. Kumuuliza dereva « umepima upepo? » si kukosa adabu.