Kutambua Batobato na Michirizi ya Kahawia Katika Muhogo

Wakulima wa Masasi na Newala wanakumbushwa kutofautisha magonjwa mawili ya muhogo yasababishwayo na virusi. Batobato huonekana mapema: majani hujikunja, hudumaa na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia, iliyoelezwa na watafiti wa Amani, Tanga, mwaka 1936, hujificha: majani ya chini huwa na umanjano kandokando ya mishipa bila kujikunja, huku mizizi ikioza ardhini. Yote mawili huenezwa na inzi weupe na pingili zenye virusi, wala hayana dawa shambani. Wakati wa kuvuna, mkulima apasue mizizi ya kila shina. Akiona madoa ya kahawia, pingili zake zisipandwe. Mwenye shaka amwone afisa ugani wa kata.