Makangaga Yasiyo na Jina

Msafiri apitaye katika misitu ya milima ya Usambara huona makangaga kila upande: juu ya mawe, kando ya vijito, hata juu ya matawi ya miti mikubwa. Kwa macho ya haraka yote ni sawa. Kumbe sivyo, na pengine mojawapo halijaandikwa katika kitabu chochote duniani.

Mtaalamu atajuaje kwamba ni geni? Kangaga halina ua wala tunda, na hivyo ndivyo vitu vinavyosaidia kuitambua mimea mingine. Basi hana budi kuligeuza jani na kutazama upande wa chini, penye madoa madogo ya rangi ya kahawia. Humo ndimo limo vumbi la uzazi, laini kama unga. Namna madoa hayo yalivyopangwa, pamoja na magamba madogo yaliyo kwenye shina karibu na ardhi, ndizo alama zake. Achumaye jani zuri lisilo na madoa, akaliacha shina ardhini, huenda amejitaabisha bure, kwani hata bingwa aweza kushindwa kulitambua.

Jani hulazwa kati ya kurasa za gazeti kuukuu (gazeti lina kazi hata baada ya kusomwa), likabanwa na kukaushwa. Huandikwa tarehe, mahali na kimo cha mlima. Kisha hulinganishwa na majani makavu ya zamani. Hifadhi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa Amani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Nyingine kubwa iko Kew, Uingereza. Lisipofanana na lolote, hupewa jina la Kilatini, habari zake huchapishwa, na jani moja huwekwa liwe shahidi wa jina hilo.

Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kuchapishwa mwaka 1952, kikamalizika mwaka 2012. Dr. Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi Nairobi na baadaye Kew, aliandika sehemu kadhaa za makangaga. Mna aina zaidi ya 12,000, na kama 1,500 kati ya hizo hazikujulikana na wataalamu hapo awali, ingawa pengine vikongwe wa vijijini walizijua tangu utoto.

Makangaga mengi hupenda kivuli na unyevu. Miti mikubwa ikikatwa, jua huingia na majani hukauka upesi. Ndiyo sababu mabonde yenye vijito hutafutwa kwanza, kabla shoka halijafika.