Wasifu wa mama watoto

SWALI: Mke wangu alifariki mwaka jana. Tunaandaa misa ya kumbukumbu, nami nimeombwa kuandika wasifu wake. Nikianza, zinatoka tarehe tu. Nifanyeje?
Mgane, Izia, Sumbawanga

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Tarehe ziweke, ila zisizidi mistari mitatu: kuzaliwa, ndoa, kifo. Panapobaki pawe pake mwenyewe. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alimtungia shairi, “Amina”, akalitia katika kitabu chake Maisha Yangu. Hadi leo wasomaji wanamjua mama huyo kwa jina. Wewe huhitaji vina. Waulize wenzake wa jumuiya, wa kikoba na majirani wa shambani: alisemaje mtu akichelewa kupalilia maharage? Alimkaripiaje mtoto? Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata yakiwa ya Kifipa. Ukali wake usiufiche. Wasifu wa malaika (ndio tunaousikia kwenye misiba mingi) haufanani na mtu. Watoto nao wasome aya yao. Nakala moja iandikwe kwa kalamu daftarini, kwa kuwa ya kwenye simu hupotea na simu. Kama mama mzazi wa marehemu yu hai, anza kumuuliza yeye, wiki hii.