Kambale ao tilapia: mafuta gani yanafaa mtoto?

Katika mikutano ya koperative hapa Bunia, swali moja linarudi kila mara: vidimbwi vipya tutie samaki gani? Wengi wanajibu haraka: "Kambale, juu iko na mafuta mingi, na mafuta inajenga mtoto." Ya mafuta mengi ni kweli. Gramu 100 za nyama ya tilapia kwa kawaida zina gramu 2 hivi za mafuta; kambale wa kufugwa anaweza kupita mara mbili ao tatu. Lakini wingi ni jambo moja, aina ni jambo lingine.

Mafuta yanayosaidia ubongo na macho ya mtoto yanaitwa omega-3. Samaki anayapata zaidi katika chakula. Yanaanzia kwa vile vimea vidogo sana vinavyofanya maji kuwa ya kijani, yanapita kwa vidudu vinavyovila, halafu yanafika kwa samaki. Kwa hiyo kambale aliyelishwa mahindi, soya na mabaki ya jikoni yenye mawese atanenepa, mutamuuza vizuri, lakini mafuta yake yatafuata yale ya mahindi, soya na mawese. Tilapia wa maji ya kijani ana mafuta machache, ila sehemu ya omega-3 ndani yake inaweza kuwa kubwa zaidi.

Hatusemi muache kambale. Anavumilia maji mabaya, anakua haraka, na franga zake zinalipa masomo ya watoto. Tunaomba tu kidimbwi kimoja, hata kidogo, kibaki cha tilapia na samadi kwa chakula cha nyumbani. Kupima ni rahisi: ingiza mkono ndani ya maji mpaka kiwiko. Vidole vikipotea hapo, maji ni mazuri. Vikipotea mapema, acha samadi kwanza, la sivyo asubuhi mutakuta samaki wanapanda juu kutafuta hewa.

Tena jikoni: tilapia akikaangwa anakunywa mafuta ya sufuria, na mtoto anakula mawese kuliko samaki. Mupike kwa mchuzi, na mchuzi wenyewe apewe mtoto. Kambale wa kukaushwa kwa moshi akikaa sana, mafuta yake yanaharibika. Ule uchungu kwenye ulimi ndiyo alama. Na siku samaki wadogo wa Ziwa Albert wanapofika wabichi kutoka Tchomia ao Kasenyi, muwanunue, muwapike wazima na vichwa vyao, muwaponde vizuri kwa watoto wadogo.