Kinjikitile Alinyongwa Mapema, Vita Vikaendelea: Uandalizi wa Somo la Historia katika Shule za Upili

Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili wanaosomea ualimu katika vyuo vikuu vyetu huandamanisha Kiswahili na Historia. Hata hivyo, masomo haya mawili aghalabu hukaa kichwani mwa mwalimu mtarajiwa kama wapangaji wa nyumba moja wasioamkiana. Kiswahili kina vitabu vyake na istilahi zake. Historia nayo hufundishwa kwa Kiingereza, na mlango baina yao hufungwa. Makala haya yanashikilia kwamba mlango huo ukifunguliwa, mwalimu wa masomo hayo mawili atajikuta ana ghala ambayo mwenzake hana, na kwamba ghala hiyo inaweza kulihuisha somo lililozoeleka kuwa la kunakili madondoo na kukariri tarehe. Tutajifunga kwa mfano mmoja tu: Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyopiganwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, na ambavyo vimekuwamo kwa miaka mingi katika silabasi ya Historia na Serikali ya Kenya.

Namna mada hii inavyofundishwa kwa kawaida inajulikana. Mwalimu huandika ubaoni sababu za vita, kisha mkondo wake, kisha sababu za kushindwa kwa Waafrika, kisha matokeo. Wanafunzi hunakili, hupiga mistari chini ya vichwa, na mwisho wa muhula huyarudisha yaleyale kwenye karatasi ya mtihani. Orodha hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inamkabidhi mwanafunzi majibu kabla hajawa na swali, na jibu lisilo na swali halikai kichwani.

Kwa sababu hiyo, andalio la somo lianze kwa swali, hata kama fomu ya andalio inataka malengo mahususi yatangulie. (Malengo yaandikwe, maadamu mkaguzi atayadai, lakini yaandikwe baada ya swali kupatikana.) Swali zuri la historia lina sifa mbili. Kwanza, haliwezi kujibiwa kwa kufunua ukurasa mmoja wa kitabu. Pili, ushahidi wa kulijibu unaweza kuwekwa mbele ya mwanafunzi mwenye umri wa miaka kumi na saba naye akaufahamu. Swali la aina ya "Eleza sababu tano za Vita vya Maji Maji" halina hata mojawapo ya sifa hizo.

Tutazame sasa jinsi swali linavyoweza kuchimbuliwa kutoka katika tarehe zilezile zinazochosha. Mwalimu aandike ubaoni tarehe nne bila maelezo marefu. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete wanang'oa mashina ya pamba na vita vinaanza. Tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia watu maji ya dawa, ananyongwa na Wajerumani huko Mohoro. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wanaishambulia boma ya Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Mwaka 1907, vita vinakwisha. Kisha mwalimu anyamaze kidogo. Katika darasa lolote atapatikana mwanafunzi atakayeuliza: ikiwa kiongozi alinyongwa katika siku za mwanzo kabisa, ni nani basi aliyeviendesha vita hivyo kwa takriban miaka miwili?

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Linaibomoa dhana kwamba vita vya umma ni kivuli cha mtu mmoja, na linamlazimisha mwanafunzi kuitafuta habari ya wengine. Atakuta kwamba kwa Wamatumbi kero kubwa ilikuwa pamba ya kulazimishwa, mradi ulioanzishwa 1902 wakati wa Gavana von Götzen, ambapo wanakijiji walifanya kazi katika shamba la pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe kwa ujira duni hata baadhi yao wakakataa kuupokea. Atakuta kwamba, kwa mujibu wa wazee, Kinjikitile aliwataka watu wangoje amri yake, lakini Wamatumbi walichoka kungoja. Kumbe hata mwanzo wa vita haukuwa uamuzi wake! Atakuta pia kwamba dawa ilitembezwa na wajumbe walioitwa mahongo, na kwamba Ungoni ilifikishwa na mjumbe aliyejulikana kama Kinjala. Wangoni walikuwa na madai yao: ufalme wao wa kijeshi ulikuwa umetiishwa na Wajerumani tangu 1897, na jeraha hilo halikuhitaji pamba ili liume. Kwa upande mwingine, Wahehe ambao Mkwawa wao alikuwa amepigana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898, safari hii hawakujiunga. Kwa nini? Darasa lijadili. Nijuavyo, hakuna mjadala unaowaamsha wanafunzi baada ya chakula cha mchana kama ule wa kwa nini jirani hakuja kusaidia.

Hapa ndipo ghala ya Kiswahili inapofunguliwa. Mwalimu anaweza kuwaita mashahidi watatu. Wa kwanza ni wazee waliohojiwa miaka ya 1960. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kutoka kwa watu waliovikumbuka vita au waliovisikia kwa wazazi wao. Inafaa darasa lielezwe wazi kwamba kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi. Wa pili ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga utenzi kuhusu vita hivi. Utenzi huo ulichapishwa 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Wa tatu ni Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake *Kinjeketile* ya 1969 inafahamika vyema kwa wasomaji wa jarida hili.

Mashahidi hawa wasiitwe ili wakubaliane. Mzee wa Umatumbi anasema kutoka ndani ya kijiji kilichochomwa. Mtunzi wa Lindi ni Mwislamu wa mji wa pwani, msomi wa hati za Kiarabu, anayetazama vita vya watu wa bara. Wanafunzi wapewe beti chache na waulizwe anawaita wapiganaji kwa majina gani, na majina hayo yanatuambia nini juu ya mahali aliposimama. Uchunguzi wa msamiati ni kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ameifanya tangu kidato cha kwanza. Hajaambiwa tu kwamba ndiyo pia kazi ya mwanahistoria.

Shahidi wa tatu anahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa ndiye anayependwa zaidi. Wapo wanafunzi wanaonukuu tamthilia katika majibu ya historia kana kwamba ni kumbukumbu za mahakama. Mwandishi mwenyewe alibainisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu na si picha ya mtu halisi, na tofauti ya herufi mbili katika jina, Kinjeketile na Kinjikitile, inafaa kuandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Katika tamthilia, Kinjeketile yu hai baada ya wapiganaji kushindwa, naye amefungwa pamoja nao. Katika historia, alikuwa amekwisha kunyongwa kabla ya shambulio la Mahenge. Mwanafunzi aulizwe: mwandishi wa tamthilia alipata nini kwa kumwacha hai? Jibu ni kwamba alipata mtu anayeweza kulihukumu neno lake mwenyewe baada ya kuona lilikowafikisha watu. Jambo hilo ni la fasihi, na lina thamani yake. Lakini katika somo la historia haliwi ushahidi wa 1905. Ni ushahidi wa Tanzania ya miaka ya 1960 na jinsi ilivyokuwa ikiyatafakari masuala ya umoja na uongozi.

Kuhusu lugha, pingamizi inajulikana: mtihani ni wa Kiingereza. Si lazima hilo lituzuie. Chanzo kisomwe na kujadiliwa kwa Kiswahili, na aya ya kujibu swali iandikwe kwa Kiingereza. Dakika arobaini zinatosha kwa shahidi mmoja au wawili, si zaidi. Mwalimu anayetaka kuwaita wote watatu aombe kipindi cha mfululizo.

Kipindi cha pili kishughulikie hesabu ya waliokufa, na hapa mwalimu asiende mbio. Takwimu za Wajerumani zilitaja Waafrika wapatao 75,000. Mwanahistoria Mtanzania G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa Wajerumani, Wazungu waliouawa walikuwa 15. Askari wao wengi walikuwa Waafrika. Wanafunzi waulizwe tofauti hiyo ya makadirio inatoka wapi. Watafika wenyewe kwenye njaa: majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na mazao makusudi, na wengi walikufa kwa kukosa chakula, mbali na uwanja wa mapigano, pasipo karani wa kuwaandika. Mwanafunzi aliyeifikia hoja hiyo kwa akili yake ameelewa jinsi rekodi za serikali zinavyotengenezwa, na ataitumia akisoma habari za nchi yake mwenyewe.

Kazi ya nyumbani itoke Songea. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa huko, na hadi leo tarehe hiyo huadhimishwa katika mji huo wenye makumbusho ya Maji Maji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na kizazi cha nduna Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kama mjukuu aliyekuwapo siku hiyo: angemjibu nini mgeni, na kati ya mashahidi watatu wa darasani, ni yupi angemtaja kwanza?