Kufundisha Usalama wa Kompyuta kwa Chaki na Ubao

Somo hili laweza kufundishwa Chemchem, Tabora, pasipo kompyuta darasani. Mwalimu aanze na namba ya siri ya M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, ambayo watoto huiona ikitumika nyumbani. Aandike ubaoni nafasi nne. Kila nafasi yapokea tarakimu yoyote kati ya 10. Wanafunzi wazidishe: 10 × 10 × 10 × 10 = 10,000. Kisha aulize: mtu akitumia mwaka wake wa kuzaliwa, mwizi abahatishe miaka mingapi? Yapata 100 tu. Hapo wataiona hatari wenyewe.

Angalizo: mwalimu asimwombe mtoto namba ya mzazi wake, hata kwa mfano. Akifanya hivyo, atamzoeza kuitoa kwa kila mkubwa aiombaye.