Dondoo muhimu: Kabla hujapakia msaada kwenye lori

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba za udongo Mwakata, wilayani Kahama. Watu takriban 40 walipoteza maisha. Ukijitolea kupeleka msaada kwenye maafa ya namna hiyo, iwe Shinyanga au Geita, zingatia haya.

Piga simu kwa ofisi ya mkuu wa wilaya au mtendaji wa kata kabla ya kununua chochote. Huenda nguo zimeshajaa ghalani na kinachotakiwa ni turubai.

Chakula kiwe tayari kupikwa: sembe, siyo mahindi, maana mashine ya kusaga huenda haifanyi kazi. Lakini sembe bila sufuria ni mzigo tu. Nyumba ikianguka, vyombo vyote hubaki chini ya kifusi. Weka pia ndoo yenye mfuniko, dawa ya kutibu maji, sabuni, kanga na taulo za kike. Viatu vya visigino viache kwako.

Barabara za udongo wa mbuga hunasa lori lililojaa. Shusha mzigo penye lami, umalizie kwa gari dogo au trekta.

Gawa mchana, kwa orodha iliyohakikiwa na mwenyekiti wa kitongoji, na uwe na anayejua Kisukuma. Wajane, wazee na walemavu wasipange foleni, wapelekewe walipo. Picha ni kwa ridhaa yao. Na kila gunia lisainiwe, hata kama mpokeaji ni kiongozi.